Kuzuia pipa la taka lisianguke wala lisihame bila kulichimbia: zege, tairi, cheni au dumu?

Kamati nyingi za usafi, za masoko na za mitaa, hufika mahali pamoja. Mapipa yamechangiwa na wafanyabiashara, yamepakwa rangi, yamepangwa kando ya barabara. Haupiti muda, moja limelala mtaroni, jingine limehamia mbele ya genge la mtu, na la tatu halijulikani liliko. Ukimwita fundi atakwambia chimba, mwaga zege, funga bolti, kazi imekwisha. Kwa miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini jibu hilo lina kasoro zake, ndiyo maana hapa nazilinganisha njia zisizohitaji kuchimba kitu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba ardhi yenyewe ina mwenyewe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi ya barabara, na barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inapita katikati ya Jiji la Mbeya. Ukijenga kitu cha kudumu humo umeingia kwenye mambo ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mitaa ya ndani nayo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Halafu barabara hazitulii. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, Mbeya, kilomita 29, ni mfano tosha: chochote kilichozikwa kando kinang'olewa, na pipa lako pamoja nacho. Ongeza mabomba ya maji yanayopita chini ya njia za waenda kwa miguu, ambako mtaimbo mmoja uliokosea unaweza kuukausha mtaa mzima.

Kwa hiyo pipa likae juu ya ardhi, lisogezwe inapobidi, lakini lisisogezwe na kila mpita njia.

Kwanza jua linaangushwa na nini

Watu wengi husema upepo. Makambako wana haki ya kusema hivyo, maana upepo wa pale unajulikana. Lakini tuupime. Pipa la chuma la lita 200 lina kimo cha sentimita 88, kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 18 hivi. Upepo wa kilomita 50 kwa saa haulitoshi, hata likiwa tupu. Lile la plastiki la magurudumu mawili, la lita 240, ni habari nyingine: lina kilo 13 tu, ni refu zaidi na lina ubavu bapa wa kupokea upepo. Kwenye upepo huohuo linakaribia kulala, na likiwekwa kwenye mteremko bila kizuizi linaondoka lenyewe.

Anayeangusha pipa la chuma ni kiumbe chenye miguu. Mbwa wamo, lakini wengi ni waokota chupa. Pipa ni refu, chupa iko chini kabisa, kuinama mpaka kiuno hakuwezekani, basi analilaza, anachambua, anaondoka. Mtu huyu anafanya kazi halali ambayo inaupunguzia mji taka, na kumfukuza hakujawahi kusaidia popote. Ukitundika salfeti ya chupa pembeni ya pipa, ikaonekana, utakuwa umezuia maanguko mengi kuliko kwa gunia zima la mchanga. Nimeyatanguliza haya kwa makusudi, kwa sababu kamati hukimbilia zege kabla ya kujiuliza nani anaangusha.

Wa pili ni mnunuzi wa vyuma chakavu, au tuseme anayemuuzia. Kilo 18 za chuma zilizoachwa nje usiku kucha ni kishawishi. Wa tatu ni baridi. Juni na Julai, kuanzia Njombe mpaka Uyole, pipa tupu la chuma usiku ni jiko la walinzi: linavutwa hadi barazani, linawashwa kuni, asubuhi linaachwa hapohapo likiwa limeungua rangi. Kwa pipa la plastiki tatizo ni jivu. Muuza mahindi ya kuchoma au mama ntilie akimaliza kazi anamwaga jivu lenye makaa mazima, na kitako cha pipa kinayeyuka. Ndiyo sababu kwenye maeneo ya chakula sishauri plastiki hata kidogo, uzito wake uwe wowote.

Wa nne husahaulika: mzoaji mwenyewe. Pipa la lita 200 likijaa maganda ya ndizi za Tukuyu na majani ya kabichi huzidi kilo 60 kirahisi. Vijana wawili wa guta wanalipindua, wanalikung'uta, wanaliacha lilipoangukia. Hapo ndipo linapokuwa hatarini zaidi, kwa kuwa pipa lililojaa linajishikilia lenyewe, ila tupu halina kitu.

Kuna hesabu moja inayostahili kukaa kichwani. Mtu akivuta ukingo wa juu wa pipa la lita 200 kwa nguvu ya kilo 20, pipa pamoja na kilichomo linahitaji kufikia kilo 60 hivi ili lisilale. Ukipanua kitako kutoka sentimita 58 hadi 90, kilo 40 zinatosha. Upana unaokoa uzito, na uzito ni kitu ambacho mtu fulani atalazimika kukinyanyua kila siku. Katika njia zote zinazofuata, niliangalia hilo kabla ya kitu kingine.

Zege ndani ya pipa, au tairi chini yake

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kwa sehemu nyingi za kawaida: kona ya mtaa, mbele ya safu ya maduka, lango la shule.

Kumwaga zege chini ya pipa ndiyo njia rahisi kuliko zote. Sentimita 10 za zege ndani ya pipa la lita 200 ni kilo 60 na zaidi kidogo. Umemaliza kwa alasiri moja, na hakuna mwizi wa skrepa atakayehangaika nalo, maana kulitoa lile zege ni kazi ya nyundo na kelele. Mchanga mkavu kwa kina hichohicho unakupa kilo 40 hivi, na ukilowa unaongezeka, lakini mchanga unachanganyika na taka na unazolewa nazo kidogo kidogo mpaka uishe. Walioko Rungwe na maeneo ya jirani niwaonye jambo moja: yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayopatikana kirahisi, usiyatumie kama uzito wala kama kokoto ya zege hili. Mengine yanaelea majini. Tafuta kokoto nzito au mawe ya mtoni.

Ubaya wa zege ndani ni mzoaji. Kilo 18 za chuma, 60 za zege, na taka juu yake: hakuna atakayelipindua pipa hilo kwenye guta. Atachota kwa reki na mikono, robo ya chini itabaki, na robo ya chini ndiyo inayooza. Baada ya wiki mbili wenye maduka wenyewe watalisogeza mbali kwa sababu ya harufu. Kwa hiyo zege ndani linafaa kwa sharti moja tu, kwamba kuwe na chombo cha pili ndani, salfeti iliyokunjwa ukingoni au ndoo kubwa yenye vishikio, kinachotoka chenyewe na pipa likabaki mahali pake. Toboa pia matundu ubavuni, usawa wa zege linapoishia, na zege liinamie kwenye hayo matundu. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na pipa lisilotoa maji pale linakuwa kisima.

Tairi ni kazi zaidi lakini napendelea tairi. Hapa tuna bahati ya kukaa kwenye njia ya malori ya Tunduma, hivyo tairi kuukuu za lori si adimu. Usichukue ya gari dogo. Tairi ya rimu ya inchi 13 ina upana wa sentimita 57 hivi, sawa na pipa lenyewe, kwa hiyo haijaongeza kitako. Ya lori ina kama mita moja. Tundu lake la juu ni dogo kidogo kwa pipa la lita 200, na hapo ndipo anapoingia fundi wa katambuga, anayejua kukata mpira kuliko mtu mwingine yeyote. Akate ubavu wa juu tu, tundu lifikie sentimita 62 hivi. Ubavu wa chini aache. Ilaze tairi juu ya karatasi ya nailoni, mwaga zege la sentimita 6 ndani, sawazisha, na kabla halijashika chomeka vipande viwili vitatu vya bomba ili yabaki matundu ya kutoa maji. Hapo una kitako cha kilo 90 au zaidi. Mfuko mmoja wa saruji, kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, unatoa zege la vitako vitatu, pengine vinne.

Pipa linatumbukizwa humo likizama sentimita 20 hivi. Mtu akilisukuma linashikwa na ukingo wa tairi na kuvuta kitako kizima, chenye upana wa mita moja. Mzoaji analinyanyua juu, analimwaga, analirudisha mahali palepale kwa sababu pengine halisimami vizuri. Hiyo faida ya mwisho haionekani kwenye hesabu ya gharama: tairi inaonyesha makao ya pipa. Ila nafasi kati ya pipa na tairi isizidi vidole viwili, vinginevyo litachezacheza na kuinuka.

Tairi haimzuii mwizi, kwani pipa lenyewe linatoka. Kwa hilo itabidi uliharibu pipa kabla hajalitamani. Toboa matundu makubwa kitakoni na ubavuni, lisiweze tena kuhifadhi maji, pumba wala pombe, kisha andika jina la mtaa kwa tindo au kwa welding, siyo rangi. Litabaki na thamani ya skrepa, lakini limepoteza ile kubwa zaidi ya kuwa pipa zima.

Kuna mawili ya kuogopa kwenye tairi. Maji yakisimama ndani yake mbu watazaliana, na mbu wa dengue ni wapenzi wakubwa wa tairi kuukuu. Matundu yale ya bomba si mapambo, na kila baada ya mvua mtu ayazibue. Pili, tairi likishika moto halizimiki kwa ndoo moja na moshi wake unafunga duka zima. Kwa hiyo penye jivu la mkaa, tairi haifai.

Cheni na kufuli

Cheni ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Inazuia pipa kuhama. Haizuii kuanguka, haizuii moto, haizuii mwokota chupa. Pipa lililofungwa cheni ndefu linalala ubavu kama kawaida, tofauti ni kwamba taka zake zinamwagika mahali pamoja.

Shida yake kubwa ni ufunguo. Unakaa kwa nani? Mzoaji anapita saa kumi na moja alfajiri, mwenye duka anafungua saa mbili. Akikuta kufuli anaruka, na pipa linashinda limejaa. Ukimpa ufunguo mzoaji, siku akibadilishwa ufunguo umepotea. Nimeona suluhisho moja linalofanya kazi: cheni fupi isiyofungwa kufuli upande wa pipa, bali yenye kulabu ya kunasa inayohitaji mikono miwili na nguvu kidogo. Mwizi anaiweza, ila usiku ule wa baridi mlinzi anayetafuta jiko anaona tabu na kulitafuta jingine.

Pa kufungia napo si popote. Nguzo ya umeme ni mali ya TANESCO, na nyingi huku kwetu ni za mti. Pipa linalopokea jivu la moto likiegeshwa kwenye nguzo ya mti ni balaa linalosubiri siku yake. Mti wa kivuli unachunwa gamba na cheni mpaka ukauke. Dirisha la nondo la duka au mlingoti wa bango la duka lenyewe, kwa ridhaa ya mwenyewe, ndiyo sehemu salama. Unene wa cheni uwe wa milimita 8 kwenda juu. Ile ya milimita 6 inakatwa kwa mkasi wa nondo kama mchicha.

Kwa ufupi cheni ni nyongeza. Iweke juu ya njia nyingine, hasa kwa mapipa ya plastiki ya magurudumu: yageuzie mgongo ukutani, magurudumu yatazame upande wa mlimani, kisha cheni ipite kwenye mpini.

Kalavati na pipa la zege

Penye vurugu nyingi, pipa la chuma haliwezi. Stendi, lango la soko kama Mwanjelwa, au eneo la wauza chipsi na nyama choma linataka kitu kisichoungua, kisichouzika na kisichopinduliwa na mtu mmoja. Pete ya kalavati, yaani bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara, ya kipenyo cha sentimita 60, urefu wa mita moja, ikisimamishwa wima ina kilo 350 hivi. Boksi la zege lenye ukubwa wa karibu huo halipishani nayo sana. Halihitaji bolti wala cheni, uzito unatosha. Likihitajika kuhamishwa, vijana wanne wenye mabomba mawili ya kuviringishia na mtaimbo wanalisogeza, kwa hiyo bado halijawa la kudumu.

Jivu la moto halilifanyi kitu. Skrepa hakuna. Mwokota chupa hawezi kulilaza.

Kinachoua kalavati ni uvivu wa kuweka chombo cha ndani. Pete tupu juu ya lami, isiyo na kitako, inageuka jalala: mzoaji hawezi kuipindua, anafukua kwa koleo kutoka juu, na kilichobaki chini kinavuja mpaka barabarani. Weka ndani ndoo kubwa ya bati yenye vishikio viwili na matundu. Kitako cha ndoo kiinuliwe kwa matofali mawili ili maji yapite. Bila ndoo hiyo usinunue kalavati kabisa, afadhali ubaki na pipa lako linaloanguka.

Kuna sehemu nyingine ambayo sitaliweka kamwe: ukingoni mwa barabara yenye kasi. Dereva wa bodaboda akigonga pipa la chuma, pipa linabonyea na kuruka. Akigonga kilo 350 za zege, zege halisogei. Miteremko kama ya Iwambi, nje ya kona, haifai kitu cha namna hiyo. Liingize ndani, nyuma ya mtaro, na ulipake mistari myeupe inayoakisi taa.

Ukililinganisha na tairi: kalavati linashinda kwenye moto na wizi, tairi inashinda kwenye usafirishaji, usalama wa barabarani na urahisi wa kuhama. Gharama ya kununua haitofautiani sana ukihesabu pipa la chuma lenyewe, lakini kalavati linataka kirikuu na watu wa kulishusha, gharama ambayo kamati husahau kuiweka kwenye bajeti.

Mapipa mapacha

Hii haitumiki vya kutosha. Mapipa mawili yanaunganishwa kwa fletiba (chuma bapa) mbili, moja juu na moja chini. Kitako kinakuwa na urefu wa sentimita 116 upande mmoja. Upande wa pili bado ni 58, kwa hiyo yaegemee ukuta. Matatu yakiunganishwa kwa pembetatu hayahitaji hata ukuta.

Faida yake si ya uzito tu. Moja linakuwa la taka za kuoza, la pili la chupa na makopo, na mwokota chupa anakwenda moja kwa moja kwenye lake bila kupindua kitu. Mwizi naye asipoyatenganisha anatakiwa kubeba kilo 36 za umbo baya, ambazo hazikai begani wala kwenye baiskeli. Fundi wa kuchomelea asichomelee pipa moja kwa moja. Atengeneze pete za fletiba ambamo pipa linakaa, lifungwe kwa pini, ili mzoaji achomoe moja moja. Ukichomelea yote kuwa kitu kimoja umerudi kwenye lile tatizo la zege ndani.

Iringa mjini, kwenye mitaa ya maduka yenye kuta ndefu upande mmoja, ningeanza na hii kabla ya tairi. Njia ya waenda kwa miguu ni nyembamba, na tairi ya mita moja inakula nafasi ambayo mama mwenye mtoto mgongoni anaihitaji kupita.

Fremu ya kubembea

Unaijua: pipa limeninginia kati ya miguu miwili ya bomba, unalisukuma linamwaga. Kwa kawaida miguu hiyo huzikwa. Bila kuzikwa inahitaji tako la engo (chuma cha pembe) lenye upana wa mita moja kila upande, na uzito juu ya engo. Tofali la zege la inchi 6 lina zaidi ya kilo 30. Weka mawili kila upande. Yavunje kona kabla hujayaweka, maana tofali zima kando ya njia halichelewi kuingia kwenye msingi wa mtu.

Ekseli ipite juu kidogo ya katikati ya pipa, ndipo pipa litarudi wima lenyewe. Likijazwa mpaka kilima juu ya ukingo, uzito unapanda juu ya ekseli na linajimwaga. Kwa hiyo ni la sehemu yenye taka nyepesi, karatasi na maganda ya karanga: uwanja wa mpira, bustani, zahanati. Sokoni hapana.

Kitanzi cha salfeti

Duara la nondo kwenye miguu mitatu, salfeti imening'inia ndani. Paris walifuata wazo la namna hii kwa sababu nyingine kabisa: baada ya mashambulizi ya mabomu ya 1995 waliziba mapipa ya mitaani na kutundika mifuko inayoonyesha kilichomo. Kwetu uzuri wake ni kwamba hakuna cha kuiba, na mwokota chupa anaona ndani bila kupindua. Upepo ndio adui, hivyo miguu itanuke na jiwe likae chini ya salfeti. Jua linaichakaza salfeti ndani ya miezi michache. Panya na mbwa wanaitoboa. Ni ya muda, wakati kamati inatafuta hela za kitu kingine, na kwa hilo inafaa sana.

Ningechagua nini, wapi

Lango la soko na eneo la nyama choma: kalavati lenye ndoo ya ndani, bila mjadala. Kona za mitaa zenye nafasi, Soweto, Mafiati au Uyole jijini Mbeya: tairi ya lori na pipa lililotobolewa. Safu za maduka zenye ukuta: mapacha. Makambako na miinuko mingine ya upepo mkali, achana na plastiki ya magurudumu, au kama umepewa na mfadhili na huwezi kuikataa, iweke ukutani kwa cheni na tofali moja ndani.

Na hata kama bajeti inatoa pipa moja moja, usitawanye aina tano kwenye mtaa mmoja. Mzoaji akikuta mapipa ya namna moja anazoea namna ya kuyamwaga. Akikuta hili linanyanyuliwa, lile linabembezwa, jingine linachomolewa pini, atayafanyia yote sawa, yaani kuyapindua. Kabla hamjaagiza chochote, mwiteni kijana wa guta kwenye kikao, mumpe pipa la mfano, mumwambie amwage. Akishindwa mara ya kwanza, hilo siyo pipa la mtaa wenu, hata kama fundi amelisifia vipi.

Imebaki mikusanyiko ya siku chache. Viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane, mahafali, mkutano wa injili: hapo usimwage zege wala kutafuta tairi. Pipa la kawaida, na dumu la lita 20 lililojaa maji limelazwa chini ndani yake. Ni kilo 20. Mawili ni 40, na pamoja na pipa umefika karibu na zile 60 tulizozihesabu. Mchanga ungekupa kilo 30 kwa dumu, lakini kuujaza kwenye mdomo ule mwembamba ni adhabu, na kuutoa ni adhabu ya pili. Dumu zifungwe kamba pamoja na kuwekwa alama, kwa sababu huku kwetu dumu zima halikosi kazi, iwe ya maji au ya ulanzi, na siku ya pili asubuhi ndilo la kwanza kutafutwa na lisionekane. Mkutano ukiisha, maji yamwagwe kwenye miche ya uwanjani na dumu zirudishwe kwa walioazima.